Breki Zilizonyamaza

Uvumi ulimganda Bi Sikudhani hata usingizi ukawa wa mang'amung'amu: kuna fundi anapaka grisi kwenye breki zilizokwisha, gari linaacha kulia, mwenyewe analipa kidogo na kushukuru.

Asubuhi akamkuta bintiye, Mwanaidi, ameshampakia mtoto garini, tayari kuteremka kliniki.

"Sikia, mama, breki hazilii tena. Na fundi hakunibana kwa bei."

"Zima kwanza, mwanangu."

"Siku hizi nawe fundi?" Mwanaidi akacheka, akazima.

Bi Sikudhani akapiga magoti, akapenyeza kidole kwenye ringi ya gurudumu hadi kwenye sahani ya breki. Kidole kikarudi cheusi, kinateleza. Akakipangusa kwenye kiganja cha bintiye.

Mwanaidi akausugua ule weusi, macho yakishuka na mteremko hadi chini kulikojaa watu. Kisha akamfungua mtoto mkanda, akambeba mgongoni kwa kanga.

Wakateremka kwa miguu, mama akisema nyuma yake:

"Usikimbilie fundi wa bei chee. Usikubali grisi kwenye breki. Zikilia, usiongeze sauti ya redio. Usiondoke gereji hujaoneshwa breki za zamani walizotoa. Na usimpakie mtoto kabla hujazijaribu mahali tambarare."