Mikono ya Komanda

Komanda alipiga magoti mbele ya ukuta wa kanisa, viganja vimeshikana, ili mchoraji Uwingabire amalize kuichora mikono yake ukutani.

Komanda ndiye aliyetoa mabati mapya ya paa. Katika kitabu cha padri alikuwa ameona matajiri wa Ulaya ya kale waliojichoresha kwa umbo dogo, wamepiga magoti miguuni pa Bikira Maria, naye akataka awekwe hivyo katika kanisa hili la Mapendo.

Akainua macho kuutazama uso wa Bikira, ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi. Paji pana. Kovu la moto kidevuni.

"Huyu mama ninamujua."

"Kila mukristo anamujua, Komanda."

"Hapana. Huyu nilimuona kule Masisi."

Uwingabire hakuinua brashi kutoka kwenye vidole alivyokuwa akivichora. "Ni dada yangu. Mulimukuta jikoni, ananyonyesha mutoto."

"Mufute!"

"Mulishamufuta. Mupige magoti vizuri, sijamaliza mikono."

Komanda akasimama na kuchomoa bastola. Uwingabire hakukimbia. Alifumba macho, akangoja.

Mlio ukatikisa mabati yote. Alipofumbua macho, nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la ukuta, na juu ya jicho la kushoto la Bikira palikuwa na tundu.

"Ni palepale, Komanda," alisema. "Hata siku ile ulimupiga palepale."

Akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaivuta polepole kutoka kwenye tundu, shavuni, shingoni, hadi kwenye ile mikono iliyoshikana.