Aliyeketi Amekubali

Mwenyekiti wa baraza la mji alifika mwisho wa bajeti: bwawa la kuogelea la shule lifungwe, fedha zikatengeneze barabara.

"Anayepinga asimame," akasema. "Aliyeketi amekubali."

Kwetu kura hupigwa hivyo, na mengi mabaya yamepita watu wameketi tu.

Diwani Gunnvor alikuwa akifuma soksi ya mwanawe. Mlango wa nyumba yao unatazama bahari baridi, na mtoto bado hajui kuogelea. Akaanza kujiinua.

"Tulia, mwenzangu," diwani wa kiti cha kando akamnong'oneza. "Utasimama peke yako kama mlingoti?"

"Heri mlingoti. Mtoto akizama, ana cha kushika."

Akasimama. Donge la sufu nyekundu likamponyoka mapajani, likabingirika chini ya viti hadi safu ya nyuma, uzi ukilifuata.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akainua nyundo yake ya mbao kufunga kura.

Kule nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Diwani mzee aliyeipigania barabara kuliko wote alikuwa ameinuka kuliokota lile donge.

Mwenyekiti akamngoja aketi.

Mzee akaanza kuukunja uzi, taratibu, akiwa wima.