Cheti cha Kinyozi

Fundi bomba alisoma vyeti vitatu vya damu mbele ya wadogo zake, akadanganya kwenye viwili.

"Dada, wewe A." Hiyo ilikuwa kweli. "Mimi B." Akamgeukia kitinda mimba wao, kinyozi. "Wewe O."

Mama yao alikuwa chumba cha nyuma, akihema kama mtu anayepanda ngazi. Hospitali ilikuwa imejaa, wakarudishwa naye nyumbani. Ilibidi mmoja aingie kumlisha na kumgeuza, wengine wakae mbali. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe uliozagaa kwamba korona haiwawezi watu wa kundi O. Wakakubaliana wapime. Mwenye O ndiye atakayeingia.

Kule maabara kinyozi alikuwa amenung'unika. "Mimi mnanitoboa kidole cha nini?" Lakini mkono aliutoa.

Sasa alimtazama kaka yake.

"O?"

"O. Ndivyo walivyoandika."

"Wanao hawajambo, kaka?"

"Hawajambo."

"Haya. Korona ikiniona itavuka barabara." Dada yao akacheka. Kinyozi akanyoosha mkono. "Lete changu nikakibandike saluni, wateja warudi."

"Nitakutunzia," fundi alisema, akavitia mfukoni vyote vitatu. Alipofika kwake akavichoma kwenye jiko la mkaa.

Kinyozi aliingia na godoro lake. Kila siku fundi aliacha chakula mlangoni, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaondoka. Kupitia dirishani alimsikia mdogo wake akimtania mama kwamba nywele zake zimekuwa kiota, akipona atamnyoa bure. Siku ya tano, kikohozi kikawa cha watu wawili.

Muuguzi wa mtaa alipoelezwa habari za kundi O alikasirika.

"Hayo bado wanayachunguza. Hata yangekuwa kweli, damu si barakoa. Nani kawaambia?"

Fundi alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama alikufa Jumanne. Kinyozi, Ijumaa.

Msibani watu walimsifu fundi kwa ukimya wake. Yeye alikuwa anajiambia jambo moja tu: vyeti ni majivu, hakuna anayejua.

Wiki mbili baadaye mwenye nyumba alitaka chumba chake cha saluni. Fundi na dada yake wakaenda kufungasha. Dada alikunja mataulo. Fundi alifungua droo ya viwembe, akatoa mashine ya kunyolea, chanuo, kopo la poda. Chini kabisa palikuwa na kadi nyekundu iliyochakaa pembeni, kadi ya mchangia damu, yenye jina la mdogo wake na mihuri minne. Wa kwanza ulikuwa wa miaka sita iliyopita.

Juu ya jina, kwa kalamu nzito, kundi lake lilikuwa limeandikwa: B.