Punje Mbili za Tunda Moja

Ndyamukama aliviweka viatu vyake vya Jumapili juu ya meza ya mwalimu wa bweni, chini ya picha ya Malkia wa Uingereza. Vilikuwa vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa.

"Mpe yeyote, waitu," alisema, kwa neno la heshima la kwao. "Mimi sivihitaji tena."

Kila mwanachuo mwenye dhiki alijua njia ya kwenda kwa mwalimu huyo. Asubuhi mwalimu alikuwa amesikia kwamba kijana huyu amegawa blanketi lake, kalamu, hata Biblia. Sasa aliitazama miguu mitupu ya kijana, akaelewa.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Ziwani tu."

Mwalimu hakumhubiria. Alivuta kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile anayokaribishwa nayo kila mgeni, akachagua tunda moja kavu, akalipasua kwa meno. Ndani mlikuwa na punje mbili. Moja akaitafuna, nyingine akamnyooshea.

Kijana akarudi nyuma. Kwao Buganguzi, wanaogawana punje za tunda moja wamekuwa ndugu wa damu, na hakuna awezaye kuuvunja undugu huo. Kanisa lilikuwa limeikataza mila hiyo, na mwalimu huyuhuyu ndiye aliyelisoma katazo mbele ya waumini.

"Waitu, wewe ni mzee wa kanisa!"

"Kula," mwalimu alisema. "Halafu ukijiua, utakuwa umeniua na mimi."

Ndyamukama aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu, akaitia mdomoni, akatafuna huku machozi yakimtiririka.

Kisha akachukua kiatu cha kushoto, akaanza kukivaa.