Barua ya Kiingereza

Barua ya chuo kikuu ilimtangulia Bibiana kufika kijijini kwao, Mwamkulu. Baba yake alimkabidhi mbele ya majirani waliokuja kumlaki, bahasha haijafunguliwa.

"Tusomee, mama. Matokeo ya mwaka wa kwanza hayo."

Bibiana akasoma kimoyomoyo: ameshindwa mitihani, asirudi tena. Pale uani hakuna mwingine aliyejua Kiingereza. Angeweza kusema lolote.

Mwaka mzima darasani alikuwa akiitikia kwa kichwa mambo asiyoyaelewa, akiona aibu kuuliza. Aibu hiyo ndiyo iliyomponza.

"Wanasemaje?" baba aliuliza, akitabasamu.

"Nimeshindwa, baba. Wamenifukuza."

Tabasamu la baba halikuondoka usoni. "Rudia, mama," alisema taratibu, akiwatazama majirani kwa pembe ya jicho. "Sijasikia vizuri."