Shimo la Kufulia

Karani wa mji alisimama juu ya mwamba na toroli la zege.

"Mzee Kirumbi, toka shimoni. Mheshimiwa anataka pa kuegesha gari."

Kirumbi, maji yakimfika kiunoni, aliendelea kufua shati katika shimo ambamo marehemu mkewe alikuwa akifua miaka yote. Kuta zake zilikuwa laini kama bakuli. Zamani za kale, barafu nene ilipoufunika mwamba huo, maji yaliyopita chini yake yalizichonga kwa kuzungusha mawe.

"Hilo ni tundu tu, babu!"

"Maji yalilichimba karne kwa karne, bila posho. Nyinyi mnataka kulifukia asubuhi moja. Haya, mwaga! Anza na mimi."

Karani aliinamisha toroli. Zege likaanza kuteleza taratibu kuelekea ukingoni. Kirumbi akalipaka shati sabuni upya, akasugua kola.