Pedi za Breki za Pajero

"Mama, gari ni la kuuza au la kuendesha?" mwenye duka la vipuri aliuliza, akiweka pakiti mbili za pedi za breki juu ya kaunta. "Kama unauza, hizi za rahisi zinatosha. Kama litatembea, chukua hizi orijino."

Jibu Jedida alikuwa nalo. Jumamosi mnunuzi, mtu wa Tezo, angekuja kulichukua lile Pajero la marehemu mumewe, lililokaa uani mwaka mzima likiliwa na chumvi ya pwani.

Lakini mkononi alishika pedi kuukuu aliyopewa na fundi kama mfano. Ilikuwa imelika ikabaki nyembamba kama ukucha. Akapitisha kidole gumba juu yake, vumbi jeusi likamganda.

Ni mguu wa mumewe ulioila. Kila walipovuka daraja la Kilifi alikanyaga breki taratibu, magari ya nyuma yakipiga honi, ili mkewe ayaone maji vizuri.

"Tazama, Jedi," angesema. "Leo yana rangi nyingine."

Tangu amzike, Jedida hulivuka daraja lile akiwa amefumba macho.

"Nipe orijino, mzee wangu," alisema. "Na plagi mpya, na chujio la oili."

Mzee alimtazama juu ya miwani yake. "Vyema. Na dereva ni nani?"

Jedida hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alitoa simu, akaitafuta namba ya yule mtu wa Tezo.

"Nitajifunza," alisema.